Nani Anaamua Gwiji? Namba, Tuzo na Kumbukumbu katika Futiboli ya Vyuo Marekani

Kuanzia mwishoni mwa Mei, mashabiki wa futiboli ya vyuo nchini Marekani huhesabu siku zilizobaki kabla ya msimu mpya kwa namba za jezi. Zikibaki siku 77, watu wa Illinois wanamtaja Red Grange. Zikibaki 48, watu wa Michigan wanamtaja Gerald Ford, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa nchi. Zikibaki 44, zamu ni ya Syracuse, na hapo majina yanatoka matatu kwa mpigo: Jim Brown, Ernie Davis na Floyd Little, ambao wote waliivaa namba hiyo kwa nyakati tofauti. Mwishoni mwa Agosti mechi zinaanza, na shamrashamra za ufunguzi hujaa majina ya watu walioondoka chuoni miaka 20, 50 au hata 100 iliyopita.

Aliyezoea soka atajiuliza maswali mengi. Gwiji wa soka huchezea klabu miaka 10 au 15, akachukua vikombe, akazeekea uwanjani mbele ya macho ya mashabiki. Mchezaji wa chuo anapata misimu mitatu au minne tu, akiwa na umri wa miaka 18 hadi 22, kisha anahitimu na kwenda zake. Wengi hawaendi hata kucheza kwa kulipwa. Inakuwaje basi mtu wa namna hiyo ajengewe sanamu? Na nani hasa anaamua kwamba huyu akumbukwe na yule asahauliwe?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe kwa ufupi. Ni wachezaji 11 kila upande, kofia ngumu kichwani, mpira uliochongoka pande mbili. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni tachidauni, pointi sita. Anayeanzisha mashambulizi, aurushe mpira au ampe mwenzake akimbie nao, ndiye kwotabeki. Vyuo hucheza Jumamosi na ligi ya kulipwa, NFL, hucheza Jumapili. Asidhani mtu kwamba Jumamosi ni ya watoto: uwanja wa Michigan ulioko Ann Arbor unaingiza watu 107,601, na hakuna uwanja wowote wa NFL unaofikia hapo.

Sababu ni kwamba vyuo vilitangulia. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 huko New Brunswick, New Jersey, Rutgers wakiwafunga Princeton 6 kwa 4. NFL ilizaliwa 1920, zaidi ya nusu karne baadaye, na kwa miaka mingi watu wenye heshima zao waliiona kama kazi ya vibarua. Utukufu ulikuwa vyuoni. Tarehe 18 Oktoba 1924, siku ya kuzindua rasmi uwanja wa Illinois, Grange aliupokea mpira wa kwanza wa mechi dhidi ya Michigan akakimbia nao yadi 95 hadi mwisho. Kabla dakika 12 hazijaisha alikuwa na tachidauni nne. Siku hiyo hiyo, huko New York, Notre Dame waliwafunga Army, timu ya chuo cha kijeshi, 13 kwa 7, na mwandishi Grantland Rice akawapa wachezaji wanne wa nyuma wa Notre Dame jina la Wapanda Farasi Wanne. Kijana wa chuo aliyeshughulikia habari za timu, George Strickler, akaona mwanya: waliporudi nyumbani aliwapandisha wanne hao juu ya farasi wa kweli, wakapigwa picha na jezi zao. Picha ile ikaenea nchi nzima. Tangu hapo gwiji wa chuo alihitaji vitu viwili, kucheza vizuri na kupata mtu wa kumsimulia.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba heshima hizi zote hutoka mahali pamoja. Kuna milango mitatu, kila mmoja una bawabu wake na sheria zake, na mtu anaweza kupita mmoja akakwama kwenye mwingine.

Mlango wenye kelele zaidi ni tuzo ya Heisman, inayotolewa kila Desemba. Ilianza 1935 katika Downtown Athletic Club ya New York, na wa kwanza kuipata alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. John Heisman, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa klabu hiyo, alifariki mwaka uliofuata na tuzo ikapewa jina lake. Berwanger alikuwa pia mtu wa kwanza kabisa kuitwa katika drafti ya NFL mwaka 1936, yaani siku timu za kulipwa zinapochagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Chuo chake nacho kilifuta timu yake ya futiboli mwaka 1939. Hata hivyo jina lake halijapotea, na halitapotea maadamu tuzo ipo.

Heisman hupigiwa kura na waandishi wa habari wapatao 870 waliogawanywa katika kanda sita, pamoja na washindi wa zamani walio hai. Inapima mwaka mmoja, na inawapenda wanaoshika mpira. Wale majabali wa mstari wa mbele wanaomfungulia njia mkimbiaji hawajawahi kuipata hata mara moja. Charles Woodson wa Michigan, aliyeshinda 1997, ndiye pekee aliyeipata akiwa hasa mchezaji wa ulinzi; Travis Hunter wa Colorado, mshindi wa 2024, alicheza kushambulia na kulinda katika mechi zile zile, jambo lililokuwa limekwisha kusahaulika katika mchezo wa sasa. Wa kushinda mara mbili ni mmoja tu, Archie Griffin wa Ohio State, 1974 na 1975.

Mwaka wa kuonyesha udhaifu wa kura hizi ni 1956. Tuzo ilikwenda kwa Paul Hornung, ambaye timu yake ya Notre Dame ilishinda mechi mbili na kupoteza nane. Jim Brown wa Syracuse alimaliza wa tano. Katika mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida, dhidi ya Colgate, Brown peke yake alipata pointi 43: tachidauni sita na mipira saba ya nyongeza, ya pointi moja moja, aliyoipiga kwa mguu wake mwenyewe. Hornung alikuwa mchezaji hodari, simnyimi haki yake, lakini sijaona maelezo ya kimchezo yanayotosha kumweka Brown nafasi ya tano. Brown alikuwa Mweusi. Mpaka mwaka ule hakuna Mweusi aliyekuwa ameipata Heisman.

Mlango wa pili ni Jumba la Magwiji la Futiboli ya Vyuo. Lilianza kupokea majina mwaka 1951, na tangu 2014 makao yake ni Atlanta. Hapa haraka haipo: mchezaji anasubiri miaka 10 baada ya msimu wake wa mwisho chuoni, na ni lazima awe aliwahi kuteuliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa taifa, orodha ambazo asili yake ni ile iliyoanza kutangazwa mwaka 1889 na kuhusishwa na Walter Camp wa Yale. Sheria hiyo ndiyo inayomwacha nje Joe Montana, aliyeipa Notre Dame ubingwa wa taifa kabla ya kuwa mmoja wa makwotabeki wakubwa wa NFL. Tom Brady wa Michigan naye yuko nje kwa sababu hiyo hiyo. Watu hushangaa, ila sheria ina mantiki yake: jumba hili linapima ulichofanya chuoni, basi. Ndiyo maana Tommie Frazier wa Nebraska yumo, ingawa hakucheza NFL kwa sababu ya tatizo la damu kuganda. Katika fainali ya ubingwa ya Januari 1996 dhidi ya Florida alikimbia yadi 75, wapinzani kadhaa wakamkamata mmoja baada ya mwingine na akawaponyoka wote, na Nebraska wakashinda 62 kwa 24. Aliyeitazama mechi ile hahitaji kuambiwa Frazier ni nani.

Mlango wa tatu ni chuo chenyewe, na kwangu mimi huu ndio wenye uzito. Hapa hakuna kura ya taifa. Chuo Kikuu cha Mississippi kimeweka kikomo cha mwendo wa magari ndani ya chuo kuwa maili 18 kwa saa, kwa heshima ya Archie Manning aliyevaa namba 18. Syracuse waliomba na kupewa namba ya posta inayoishia na 44: ni 13244. Texas A&M wana sanamu ya E. King Gill, anayekumbukwa kwa mechi ambayo hakugusa mpira. Tarehe 2 Januari 1922, huko Dallas, timu yao ilikuwa imeumizwa kiasi kwamba kocha aliogopa kuishiwa wachezaji. Gill, aliyekuwa jukwaani akiwasaidia waandishi kuwatambua wachezaji, aliitwa, akavaa jezi ya mmoja wa majeruhi, akasimama pembeni ya uwanja mpaka mwisho, tayari kuingia. Hakuhitajika, na A&M walishinda 22 kwa 14. Mpaka leo wanafunzi wa chuo hicho hutazama mechi nzima wakiwa wamesimama. Kura za New York haziwezi kumwona mtu kama Gill. Chuo kilimwona.

Jezi nazo zina hesabu zake. Mtu husikia namba imestaafishwa, yaani haitavaliwa tena, na kudhani ni jambo rahisi, kumbe kwa chuo ni gharama kubwa. Namba halali ni 0 hadi 99, na hiyo 0 iliruhusiwa 2020 tu. Kikosi cha chuo mara nyingi huvuka wachezaji 100, kwa hiyo tayari wachezaji wawili hulazimika kugawana namba moja, mradi wasiwe uwanjani kwa wakati mmoja. Juu ya hapo, wachezaji watano wa mstari wa mbele wa timu inayoshambulia wanatakiwa kuvaa kati ya 50 na 79. Ukistaafisha namba kila anapopatikana nyota, baada ya miaka 100 utaishiwa. Ndiyo maana vyuo vingi huamua kuienzi namba bila kuiondoa: jina linaandikwa ukutani, jezi inaendelea kuvaliwa.

Michigan walijaribu njia ya kati. Mwaka 2011 walianza kuzirudisha namba za zamani uwanjani zikiwa na kiraka kifuani chenye jina la mwenye nayo wa kwanza, ili kijana wa leo acheze akiwa amembeba gwiji. Namba 48 ya Ford ilirudi kwa utaratibu huo. Wengine waliona ni heshima, wengine wakaona ni kuvunja ahadi kwa familia zilizoambiwa namba ile haitavaliwa tena, na mwaka 2015 mpango ukasitishwa, namba zikarudi kustaafu. Mississippi nao wana namba 38 ya Chucky Mullins, aliyepooza mwaka 1989 akizuia mpira dhidi ya Vanderbilt na kufariki 1991. Kwa miaka mingi ilivaliwa kila msimu na mchezaji mmoja wa ulinzi aliyepewa tuzo ya ushujaa yenye jina lake. Naona huo ndio utaratibu mzuri kuliko jezi kufungiwa kwenye kioo, maana kila anayeipokea analazimika kujua Mullins alikuwa nani.

Ubishi wa kabla ya msimu hupenda takwimu: nani alikimbia yadi nyingi, nani ana tachidauni nyingi. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu vipimo vimebadilika. Kabla ya 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa, hivyo Grange, Brown na Davis walikuwa na misimu mitatu tu. Herschel Walker aliipa Georgia ubingwa wa 1980 akiwa mwaka wa kwanza. Angezaliwa miaka 15 mapema angekuwa anatazama kutoka jukwaani. Mechi nazo zimeongezeka. Barry Sanders wa Oklahoma State alikimbia yadi 2,628 mwaka 1988 kwa mechi 11. Ashton Jeanty wa Boise State alipata 2,601 mwaka 2024 kwa mechi 14, akakosa rekodi kwa yadi chache. Na bado Sanders hakuhesabiwa yote: mechi za baada ya msimu zilianza kuingizwa katika takwimu rasmi mwaka 2002 tu. Zile yadi 222 alizokimbia katika mechi ya mwisho wa mwaka zingeingizwa, rekodi yake ingekuwa 2,850.

Wakati mwingine takwimu haina kazi kabisa, siku moja inatosha. Tarehe 25 Novemba 1995 Ohio State walikwenda Ann Arbor wakiwa hawajafungwa, wa pili kwa ubora nchini. Mkimbiaji wao Eddie George alikuwa njiani kuelekea Heisman, na kweli aliipata. Lakini mechi ile ilikuwa ya Tshimanga Biakabutuka, kijana wa Michigan aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Quebec, Kanada. Alikimbia yadi 313 na Michigan wakashinda 31 kwa 23. Ukitaja namba 313 kwa shabiki wa Michigan wa umri fulani, atakutajia jina lile la Kikongo bila kujikwaa.

Nimegusia rangi kwa Jim Brown, na hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu huwezi kueleza kumbukumbu ya mchezo huu bila kueleza walioachwa nje yake.

Jack Trice alikuwa mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa Iowa State. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, akiwa hotelini Minneapolis, alichukua karatasi akajiandikia. Aliandika kwamba heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe ilikuwa hatarini, kwamba kila mtu alimtarajia afanye makubwa, na kwamba kesho yake mwili wake wote na roho yake yote vingetupwa uwanjani bila kujihurumia. Mechi ilikuwa dhidi ya Minnesota. Mapema aliumia mfupa wa bega akakataa kutoka. Kipindi cha pili alianguka wakati akizuia, wachezaji wa Minnesota wakampitia juu kwa viatu. Alirudishwa Ames, kilipo chuo chake, kwa treni, na tarehe 8 Oktoba akafariki. Alikuwa na miaka 21. Karatasi ile ilikutwa kwenye koti lake kabla ya mazishi.

Ilichukua muda gani kumkumbuka? Kwa miaka mingi kilichobaki ni kibao tu chenye maneno ya barua yake. Chuo kilipojenga uwanja mpya uliofunguliwa 1975, wanafunzi walidai uitwe kwa jina lake, wakajibiwa nusunusu: mwaka 1984 eneo la kuchezea likaitwa kwa jina la Trice, na uwanja ukabaki na jina lingine. Wanafunzi wakachangia fedha zao, wakamsimamishia sanamu. Mwaka 1997, miaka 74 baada ya kifo chake, uwanja mzima ukawa Jack Trice Stadium. Wanaosema heshima hizi ni sherehe tupu waiangalie hesabu hiyo ya miaka. Vizazi vya wanafunzi ambao hawakumwona Trice waliupokeza mzigo mmoja kwa mwingine mpaka ukafika.

Michigan wa 1934 walikuwa na Willis Ward, Mweusi pekee kikosini. Georgia Tech walikataa kucheza naye, na chuo kikakubali kumweka nje. Gerald Ford, rafiki yake na mwenzake wa chumba wakati wa safari za timu, alifikiria kugoma. Michigan walishinda 9 kwa 2, na huo ukawa ushindi wao pekee wa msimu. Ukiiheshimu namba 48, mheshimu na huyo ambaye hakuruhusiwa kuvaa jezi siku ile.

Rutgers walikuwa na Paul Robeson. Wachezaji wenzake walimvunja pua siku za mwanzo za mazoezi kwa kutomtaka kikosini. Akavumilia, na mwaka 1917 na 1918 akatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi. Baadaye akawa mwanasheria, mwigizaji na mwimbaji wa sauti nzito iliyojulikana dunia nzima; miaka ya 1930 akiwa London alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Msimamo wake wa kisiasa ulimgharimu: serikali ilimnyang'anya pasipoti kuanzia 1950 hadi 1958, na Jumba la Magwiji likamfungia mlango mpaka 1995, miaka 19 baada ya kufa kwake. Sifa zake za uwanjani zilikuwa zile zile tangu 1918. Kilichobadilika ni nchi.

Ernie Davis ndiye aliyeuvunja ukuta wa Heisman, mwaka 1961. Alichaguliwa wa kwanza katika drafti iliyofuata, kisha akagundulika ana saratani ya damu. Alifariki Mei 1963 akiwa na miaka 23, bila kucheza mechi hata moja ya kulipwa. Huko Kusini mwa Marekani milango ilichelewa zaidi. Husimuliwa kwamba Sam Cunningham, mkimbiaji Mweusi wa USC ya California, aliwabadili watu wa Alabama kwa jioni moja, Septemba 1970, alipokimbia yadi 135 na USC wakashinda 42 kwa 21. Simulizi hiyo ni tamu, ila ina pengo: siku hiyo Alabama walikuwa tayari wamemsajili Wilbur Jackson, Mweusi wao wa kwanza wa futiboli mwenye ufadhili wa masomo, naye alikuwa mwaka wa kwanza na hakuruhusiwa kucheza bado. Mabadiliko yalikuwa yameanza. Cunningham aliyafanya yaonekane.

Na wakati vyuo vya Kusini vimefunga milango, wachezaji Weusi walikuwa wanakwenda vyuo vyao wenyewe. Eddie Robinson alifundisha Grambling na kushinda mechi 408. Walter Payton alitoka Jackson State, Jerry Rice alitoka Mississippi Valley State. Kamera za taifa zilifika huko kwa nadra, wapiga kura wa Heisman kwa nadra zaidi. Mwaka 2009 makwotabeki wawili wa zamani wa Grambling, James Harris na Doug Williams, walianzisha jumba la magwiji la vyuo vya Weusi. Mlango ulipokataa kufunguka, walijenga wa kwao.

Limebaki suala la fedha, na hili ndilo linalofanya misimu ya sasa ionekane migeni kwa mashabiki wa zamani. Kwa zaidi ya karne moja vyuo vilisisitiza kwamba hawa ni wachezaji wa ridhaa. Mchezaji alipata ufadhili wa masomo. Kocha alilipwa mamilioni. Jezi ziliuzwa madukani zikiwa na namba ya kijana bila jina lake. Heshima ilikuwa sehemu ya malipo. Aliyevunja sheria ya ridhaa aliadhibiwa kwa kuguswa pale pale kwenye kumbukumbu. Jim Thorpe, nyota wa shule ya Wahindi Wekundu ya Carlisle na bingwa wa Olimpiki ya 1912, alinyang'anywa medali kwa sababu aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli, na hakutambuliwa tena kuwa mshindi pekee mpaka 2022. Reggie Bush wa USC aliiachia Heisman yake ya 2005 mwaka 2010, baada ya kubainika kwamba familia yake ilipokea manufaa kutoka kwa mawakala.

Kisha sheria ikageuka. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa, iliamua dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya manufaa ya kielimu kwa wanamichezo. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao. Juni 2025 ikaidhinishwa suluhu ya mahakamani inayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Bush alirudishiwa tuzo yake Aprili 2024. Ilikuwa haki, na ilichelewa. Kosa lake lilikuwa kuchuma katika thamani aliyoitengeneza mwenyewe.

Pamoja na fedha ulikuja uhuru wa kuhama. Zamani aliyehama chuo alikaa nje msimu mzima kama adhabu. Sasa anaweza kuhama na kucheza mara moja, hata zaidi ya mara moja. Hapo wazee huuliza: mtu aliyepita vyuo vitatu atakuwa gwiji wa wapi? Aprili 2025 Colorado walistaafisha namba 2 ya Travis Hunter na namba 12 ya Shedeur Sanders, ambao wote walitokea Jackson State na kukaa Colorado misimu miwili. Wachezaji wa zamani wa Colorado walilalamika, na wana hoja: chuo kinachostaafisha namba kabla mwenyewe hajafika kwenye timu yake ya kwanza ya kulipwa hakijaupa muda nafasi ya kuhukumu. Kwa Hunter, aliyeshinda Heisman akicheza pande zote mbili, sina ubishi na uamuzi ila na haraka yake.

Lakini wasiwasi kwamba uhamaji utaua magwiji siukubali. Baker Mayfield alianza Texas Tech bila ufadhili, akaondoka, akaenda Oklahoma, tena bila ufadhili, akapigania nafasi kikosini mpaka akaipata, na mwaka 2017 akashinda Heisman. Sanamu yake iko Norman, mji wa chuo hicho, tangu 2022, karibu na za washindi wengine wa chuo hicho, na watu wa Oklahoma wanamhesabu kuwa wao kabisa. Hawakuhoji alianzia wapi. Walikuwa uwanjani, waliona alichofanya. Jumba la Atlanta litakuwa na kazi ngumu zaidi miaka 10 ijayo, litakapoanza kupokea majina ya vijana waliovaa jezi za vyuo vitatu au vinne na kila chuo kikija na madai yake.